Bidii ya Vijana Wetu Vyuoni
Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama, Nyaramba



Halmashauri ya Chama imenitaka niseme mbele yenu juu ya vijana wetu walio vyuoni, na hasa juu ya bidii yao katika masomo. Nimekubali kwa furaha, ijapokuwa najua kwamba jambo hili lina maneno makali ndani yake. Katika karatasi za mkutano wa leo mmeona hoja isemayo kwamba mwanafunzi yeyote anayesaidiwa na mfuko wetu, akishindwa katika somo hata moja akalazimika kulirudia, msaada wake ukomeshwe mara moja, na fedha hizo apewe mwingine. Waliotoa hoja hiyo si watu wabaya. Ni watu waliochuma majani ya chai asubuhi ya baridi, wakayachukua mpaka kituoni, wakapimiwa kilo zao, na katika malipo yale madogo ya mwezi wakatoa sehemu kwa ajili ya mtoto wa jirani. Mtu wa namna hiyo akisikia kwamba mtoto yule haonekani darasani, ana haki kabisa ya kuuliza.

Nami nitajibu kadiri ya yale niliyoyaona katika miaka yangu ya kufundisha. Lakini yafaa niseme tangu mwanzo upande ninaosimama, nisije nikadhaniwa kuwa nazunguka. Hoja hii, kama ilivyoandikwa, itawaadhibu wengi wasiostahili, na mvivu wa kweli itampita bila kumgusa. Mvivu wa kweli hashindwi mtihani kwa urahisi. Yeye hununua kazi iliyoandikwa na mwingine, huiga majibu ya aliyeketi karibu naye, husoma usiku mmoja kabla ya mtihani, akapata alama za kupita tu, akaja nyumbani na karatasi safi. Anayeanguka mara nyingi ni yule aliyechukua somo gumu, akashindana nalo peke yake mpaka nguvu zikamwishia.

Wazee wetu hupenda kuwalinganisha vijana hawa na wale wa zamani. Husemwa kwamba watoto wa siku zile walikuwa na njaa ya elimu. Ni kweli, wala sitaki kuipunguza sifa yao. Mnakumbuka Septemba 1959, ndege iliyokodiwa kwa juhudi za Tom Mboya na rafiki zake wa Marekani ilipoondoka Nairobi ikiwa na wanafunzi 81. Na mpaka kufika mwaka 1963 waliokwenda kwa mpango ule walikuwa karibu 800. Mmoja wa wale wa mwaka 1960 alikuwa Wangari Maathai, ambaye alisoma elimu ya viumbe katika chuo kidogo cha masista huko Atchison, Kansas, akamaliza mwaka 1964, na baadaye dunia nzima ikamjua. Wengi wao waliosha vyombo na kufagia majumba ili wapate fedha za kujikimu. Hakuna aliyewaita wavivu.

Lakini tutazame vizuri ni nini kilichowasukuma. Kijana yule alikuwa mmoja katika tarafa nzima. Watu walichanga nauli yake, kanisa lilimwombea, na jina lake lilitajwa sokoni. Barua yake ilipofika ilisomwa mbele ya watu. Tena alijua kwa hakika kwamba akirudi na cheti, kuna kiti kinachomngojea, maana serikali ya nchi mpya ilihitaji maofisa, walimu na matabibu kuliko ilivyoweza kuwapata. Basi kijana huyo alisukumwa na watu waliokuwa nyuma yake, akavutwa na kazi iliyokuwa mbele yake. Mtu aliyeshikwa pande zote mbili hivyo hupata taabu kuwa mvivu, hata akitaka.

Baada ya hapo milango ikafunguliwa mingi, na sisi wenyewe tulisaidia kuifungua. Chuo cha walimu kilichoanzishwa Kisii mwaka 1965 kilifanywa tawi la Egerton mwaka 1994, kikawa chuo kishiriki mwaka 2007, na mwaka 2013 kikapewa hati yake kuwa Chuo Kikuu cha Kisii. Gusii Institute, iliyoanzishwa kwa harambee mwaka 1971, leo ni chuo cha ufundi cha taifa. Wako wazee katika ukumbi huu waliotoa fedha zao kwa ajili ya jambo lile. Tulitaka watoto wengi wasome, na wengi wanasoma. Lakini mtoto aliye mmoja katika maelfu hatajwi sokoni. Hakuna barua inayosomwa. Tena anapotazama mbele, haoni kiti kinachongojea. Anamwona kaka yake aliyemaliza shahada ya ualimu miaka minne iliyopita, naye sasa anaendesha pikipiki ya abiria kutoka Nyaramba, akingali kuajiriwa. Mtoto huyo akiuliza, "Nijitahidi kwa ajili ya nini?", swali lake si la utovu wa adabu. Yafaa ajibiwe.

Jambo jingine ni chakula. Wale waliosoma Nairobi au Kenyatta kabla ya mwaka 1991 wanakumbuka kwamba chuo kiliwalisha, na serikali iliwapa posho ambayo wanafunzi waliiita "boom". Mwaka ule mambo yalibadilika. Mwanafunzi akaanza kununua chakula chake mwenyewe, na tangu hapo vyumba vya wanafunzi vikawa vya kupikia, vya kunyolea nywele, vya kuuzia mandazi na nguo za mitumba. Mikopo ya serikali ipo, na Bodi ya HELB iliwekwa kwa sheria mwaka 1995, lakini fedha aghalabu huchelewa. Sisi wa huku tuna shida yetu zaidi: vyuo hufungua mwaka mpya Agosti au Septemba, na bonasi ya chai huja karibu na Oktoba. Katika majuma yale ya katikati kijana wetu hana karo iliyokamilika, hana kitanda, na jina lake halimo katika orodha ya darasa. Juma la tano anapoanza kwenda darasani, wenzake wamekwisha kupita mlango wa kwanza wa somo, na yeye hata hajui mlango ulikuwa wapi. Mwisho wa muhula huyu ndiye anayeandikwa kuwa hana bidii.

Sasa nataka kuwaambia jambo ambalo huenda likawashangaza wengine, ingawa vijana waliokaa kule nyuma wanalijua kupita mimi.

Kwa muda wa miaka kumi na zaidi imekuwako katika nchi yetu biashara ya kuwaandikia kazi za masomo wanafunzi wa ng'ambo. Mwanafunzi wa Marekani au Uingereza hupewa na mwalimu wake kazi ya kurasa kumi juu ya sheria, au uuguzi, au historia. Hataki kuiandika. Hulipa fedha kwa njia ya intaneti, na kazi ile hushuka mpaka katika chumba kimoja cha kupanga hapa Kenya, ambamo kijana ameketi na kompyuta yake. Saa za Nairobi huzitangulia saa za New York kwa muda wa saa saba au nane, kwa hiyo kazi huja jioni na hutakiwa kabla ya mapambazuko. Mwaka 2019 gazeti la New York Times liliandika habari ndefu juu ya vijana hawa wa Kenya. Uingereza, mwaka 2022, iliweka sheria ya kuwashtaki wanaouza kazi za namna hiyo kwa wanafunzi wake. Hakuna haja ya kuzunguka: ni udanganyifu, na anayeandika anamsaidia mwongo. Tena sehemu kubwa ya fedha huliwa na wenye akaunti zinazopokea kazi, na mwandishi mwenyewe huachiwa dola chache kwa ukurasa.

Lakini yatupasa tutazame jambo hili linatuonyesha nini. Kijana wa Kikenya, ambaye mwalimu wake amemwandika kuwa mtoro, anakesha usiku kucha akisoma vitabu vya uuguzi wa Marekani ambavyo hajafundishwa na mtu. Anavielewa. Anaandika kwa Kiingereza safi, anapanga hoja zake, anamaliza saa aliyoamriwa, na mgeni yule wa mbali anapata alama ya juu. Asubuhi kijana huyo huyo analala, na darasa lake mwenyewe linaendelea bila yeye. Je, mtu wa namna hiyo tumwite mvivu? Akili anayo, uvumilivu anao, na kuheshimu wakati anakujua. Amevipeleka vyote mahali ambapo yuko mtu anayeingoja kazi yake, anayeisoma, na anayemjibu asubuhi hiyo hiyo. Katika chuo chake yeye huandika kazi yake ya darasa, akaiweka katika rundo la kazi mia tatu, na mara nyingi hairudishwi kwake ikiwa na hata neno moja la mwalimu. Nasema haya nikiwa mwalimu. Mwalimu mwenye wanafunzi mia tatu hawezi kuandika maneno mia tatu yenye maana. Hilo nalo ni kweli, wala si kosa la mwanafunzi.

Biashara ile imepungua sana. Programu ya ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, wanunuzi wengi wa ng'ambo walianza kuandikiwa na mashine bila malipo au kwa malipo kidogo, na vijana wetu wengi wakapoteza pato lao. Sasa mashine ile ile imeingia vyuoni mwetu. Zamani mvivu alitafuta fedha za kumnunua mwandishi; sasa hahitaji hata shilingi. Ndiyo sababu nilisema hapo mwanzo kwamba hoja iliyo mbele yetu haitamnasa.

Basi, ikiwa si uvivu, ni nini? Siwezi kusema kwamba sababu ni moja. Lakini iko moja ambayo nadhani Chama kama hiki kinaweza kuitibu, nayo ni upweke.

Katika miaka ya 1970, huko Marekani, katika Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, kijana mmoja aliyekuwa akifundisha hesabu, jina lake Uri Treisman, aliona jambo lililomsumbua. Wanafunzi weusi walikuwa wakishindwa kwa wingi katika somo la hesabu za juu la mwaka wa kwanza, na wanafunzi wenye asili ya Kichina walikuwa wakifaulu sana. Aliwauliza walimu wenzake sababu. Wakamjibu kama ambavyo sisi tungejibu: hawana hamu, hawakuandaliwa vema shuleni, kwao ni maskini, wazazi wao hawajali. Treisman hakutosheka. Akawachagua wanafunzi 20 wa kundi hili na 20 wa kundi lile, akawafuata kwa miezi mingi mpaka vyumbani mwao, ili aone wanasomaje.

Yale aliyoyakuta yaliyavunja majibu yote. Wazazi wa wanafunzi weusi walikuwa wamejinyima mengi ili watoto wasome. Vijana wenyewe walikuwa wameongoza shuleni kwao. Tena walikuwa wakitii amri: mwalimu alisema kila saa moja ya darasa ifuatwe na saa mbili za kusoma, nao walisoma muda wa saa 8 hivi kwa juma, kila mtu chumbani mwake, mlango umefungwa. Walidhani hivyo ndivyo mwanafunzi mwema anavyokaa. Wale wa kundi la pili walisoma muda wa saa 14 hivi kwa juma, na sehemu ya saa hizo walikutana jioni, wakala pamoja, wakalinganisha majibu. Mmoja akikosea, wenzake walimwambia. Swali lililowashinda wote walijua kwamba ni gumu kweli, hawakudhani kwamba wao ndio wajinga. Lakini yule wa peke yake, lilipomshinda swali, alikata shauri moyoni kwamba ameshindwa yeye, akanyamaza, kwa maana ni aibu kuuliza.

Treisman akaanzisha mikutano ya kusoma pamoja. Angalieni alivyofanya kwa busara: hakuiita mikutano ya walioshindwa. Aliwaita kuwa ni watu wa kazi ngumu, akawapa maswali mazito kuliko yale ya darasani, wakayapigania kwa vikundi. Waliohudhuria wakaanza kufaulu vizuri, na vyuo vingine vingi vya Marekani vikaiga mpango ule.

Nilipoisoma habari hii nilicheka peke yangu, kwa sababu sisi tulikuwa nayo kabla ya Berkeley. Risaga ni nini? Egesangio ni nini? Majirani walilima shamba la huyu leo, na la yule kesho, na hakuna aliyelemewa na magugu mpaka akakata tamaa, maana aliona safu ya watu kulia kwake na kushoto kwake. Mtu hulima kwa haraka zaidi akiwa katika safu. Hata mvivu huinua jembe, kwa kuwa akisimama ataonekana. Lakini tunapompeleka mtoto chuoni tunamwambia, "Epuka makundi, jifungie, usome." Neno hilo lina hekima kwa upande wa makundi ya ulevi, wala silitukani. Lakini mtoto wetu analichukua lote, akajifungia na kitabu, na katika kujifungia huko akashindwa.

Mzee mmoja aliniuliza mlangoni nilipoingia: "Na huyu anayecheza kamari kwa simu, naye ni upweke?" Swali zuri. Wako wanaocheza kamari na karo yao, tena si wachache. Nimewaona wakitazama matokeo ya mpira wa Uingereza katikati ya somo. Siwatetei. Msaada wa mtu wa namna hiyo usimame, na mzazi wake aitwe. Lakini hata hapo tujue kwanza tumeyapata wapi maneno hayo, kwa sababu habari zinazofika huku kutoka chuoni nyingi huletwa na wanaosafiri na matatu, wala hakuna aliyekwenda kuona.

Iko habari ya kuchagua masomo, ambayo nitaipitia upesi. Mtoto akimaliza kidato cha nne huchagua masomo yake kwa huduma ya serikali iitwayo KUCCPS. Mara nyingi si yeye anayechagua. Ni mjomba, katika saiba ya sokoni, akiongozwa na jina la kazi lililo kubwa. Mtoto anayependa mitambo hutumwa kusoma biashara. Anayelia akiona damu huandikwa uuguzi. Kisha tunashangaa kwamba hana hamu! Wazazi, mwulizeni mtoto. Na mkiisha kumwuliza, ngojeni ajibu.

Tena kuna simu kutoka nyumbani. Kijana yumo katika juma la mitihani, na simu inalia: ng'ombe mgonjwa, mdogo wake amefukuzwa shule kwa ajili ya karo, shangazi amelazwa hospitali; je, hana chochote cha kutuma kwa M-Pesa? Yeye ndiye msomi wa nyumba, na msomi hudhaniwa kuwa na fedha. Nimewaona vijana wakituma nyumbani fedha za mkopo wa HELB zilizokuwa za chakula chao. Sitawalaumu wanaoomba, maana shida ni shida. Lakini mhesabu na hilo mnapohesabu bidii.

Juu ya namna ya kusoma, nitasema jambo moja tu, kwa sababu ni rahisi, halitaki fedha, na vijana walio hapa wanaweza kulianza leo usiku. Wengi wao husoma kwa kurudia kurasa zile zile mara nyingi, wakipaka rangi chini ya mistari, wakajiona wanajua. Mwaka 2006 wataalamu wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walilijaribu jambo hili. Wanafunzi wa kundi moja waliisoma habari fulani kwa vipindi vinne. Wa kundi la pili waliisoma kipindi kimoja, kisha wakafunika karatasi na kuandika yote waliyoyakumbuka, mara tatu. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikumbuka zaidi. Lakini baada ya juma moja waliorudia kusoma walikumbuka sehemu 40 katika 100, na waliojipima walikumbuka sehemu 61. Kwa hiyo kijana afunike kitabu, ajiulize, aandike, ndipo afunue aone alipokosea. Hii ndiyo njia mzee anayoitumia akimfundisha mjukuu ukoo wake: hamsomei kila siku, bali humwambia, "Taja." Na kazi hii hufanyika vizuri zaidi wakiwa wawili au watatu, mmoja akishika kitabu na mwingine akitaja. Hapo tumerudi kwenye risaga.

Mheshimiwa Mwenyekiti, basi naomba hoja ibadilishwe, nami nimempa Mwandishi karatasi yenye maneno ninayoyapendekeza. Mwanafunzi anayeanguka somo mara ya kwanza asinyimwe msaada, bali aitwe mbele ya watu watatu wa Halmashauri, mmoja wao awe mtu aliyesoma chuoni, aeleze mambo yalivyokuwa. Naye alete orodha ya mahudhurio yake kutoka chuoni pamoja na alama zake. Akianguka somo lile lile tena, na mahudhurio yake yakiwa mabaya, hapo maneno ya hoja ya kwanza yafuatwe kama yalivyo. Sitaki huruma isiyo na mwisho. Fedha hizi ni jasho.

Tena naomba vijana wetu walio katika chuo kimoja waandikwe pamoja, wakutane mara mbili kwa juma kwa kazi ya masomo, na kila kikundi kipewe mmoja wa wanachama wetu aliyemaliza masomo na anayekaa karibu na mji ule. Huyo hatawapa fedha. Atawatembelea, atawauliza wanasoma nini, na ataitazama kazi iliyorudishwa na mwalimu. Wanachama wetu walioko Kisii, Nakuru, Eldoret na Nairobi ni wengi, na kila mwaka hutuuliza wasaidie kwa njia gani zaidi ya mchango. Pia ukumbi huu wa Nyaramba ufunguliwe jioni wakati wa likizo, taa ziwashwe, na walio vyuoni wakae na wanafunzi wa sekondari. Gharama ya umeme si kubwa. Mweka Hazina amekwisha kuihesabu, naye atawasomea.

Mwisho ni tarehe ya kutoa fedha zetu. Kwa miaka yote tumetoa msaada baada ya bonasi. Napendekeza sehemu moja ya akiba ya mwaka huu ibakizwe katika benki mpaka Agosti mwakani, ili mtoto aingie darasani juma la kwanza pamoja na wenzake, na sehemu ya pili itolewe Oktoba kama kawaida. Najua kwamba hili litawafanya wengine wasubiri mwaka huu, na kwamba baadhi yao ni watoto wa waliokaa mbele yangu. Sina njia ya kulisema ili lisiume.

Barua za wanafunzi watatu ziko mezani kwa Halmashauri leo. Kila mmoja wao anarudia somo moja: wawili hesabu, mmoja kemia. Chuo chao kitafunga orodha ya kuandikishwa Jumatatu, kwa hiyo naomba kura ya hoja hii ipigwe kabla ya chakula, ili Mwandishi apate kuwajibu leo hii.